Kinyago cha Mpangaji

Kengele zilianza kulia kwenye ngazi kabla Meinrad Hättich hajapata kitambaa cha kuufunika ule uso.

Uso wenyewe ulikuwa umelala chali kwenye meza ya kazi, wa mti mtupu, bado haujaona rangi, umekodolea dari matundu yake ya macho. Ulikuwa uso wake. Kovu la mdomo wa juu lilikuwepo, pua iliyopinda kidogo kushoto ilikuwepo, na mashavu yalikuwa yameshuka kama yalivyoshuka yake mwenyewe tangu amzike Ansgar. Akaivua aproni, akautupia juu, kisha akasimama mbele ya meza kama mtu aliyefumaniwa.

Ilikuwa siku ya Wafalme Watatu, mwanzoni mwa Januari. Siku hiyo Chama cha Majuha, wale wanaoandamana na vinyago na kengele kabla ya Kwaresima, hupita nyumba kwa nyumba na brashi za singa za farasi, kupangusa vumbi la mwaka mzima kwenye vinyago vilivyotundikwa ukutani, na kila nyumba huwapa kikombe cha pombe kali. Meinrad alidhani watamruka. Mwaka uliopita walimruka, wakasema yuko msibani. Kwenye msiba wenyewe hawakuonekana.

Waliingia watatu. Wawili wakabaki mlangoni wakikung'uta theluji. Aliyetangulia alikuwa Lothar Kaltenbach, mkuu wa Chama cha Majuha, naibu meya, mwenyekiti wa kwaya ya wanaume na wa kamati ya barabara ambazo hazitengenezwi. Mji wa Hinterach ungekuwa na chama cha kufungua na kufunga choo cha stesheni, mwenyekiti wake angekuwa Lothar.

"Heri ya mwaka mpya, fundi! Tumekuja kukupangusa."

"Vumbi langu nimelizoea," Meinrad alisema.

"Basi toa kikombe tu, mzee. Baridi hii inauma mpaka meno ya bandia."

Wale wawili walicheka. Meinrad alikwenda kabatini kutafuta chupa, na alipogeuka Lothar alikuwa amekwisha kuinua aproni kwa ncha ya brashi, taratibu, kama anayefunua maiti atambue ni nani.

Hakuna aliyecheka tena.

"Nani huyu?" Lothar aliuliza.

"Mimi."

"Macho ninayo. Nauliza ni juha gani. Chama kina uso mmoja, Meinrad. Mzee Laini. Mashavu meupe, tabasamu, ndevu hakuna. Umeuchonga miaka arobaini, hata usingizini unaweza. Hiki kitu si kinyago. Hii ni picha ya pasipoti."

"Kina matundu ya macho na mkanda wa kidevuni. Ni kinyago."

"Cha kuvaa wapi?"

"Kwenye msafara, Jumatatu ya Majuha. Kutoka kanisani mpaka kwenye birika."

Birika hilo la mawe liko katikati ya uwanja, mbele ya ofisi ya mji, na maji yake hutoka mlimani. Katika chumba kile hapakuwa na mtu asiyejua Meinrad anasema nini. Lothar aliirudisha aproni mahali pake, akainyoosha pembe zake vizuri.

"Maji ya birika hayajakauka, Meinrad," alisema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kubeba mwavuli.

Wakanywa pombe yake, wakashuka ngazi. Kengele zao alizisikia mpaka zilipovuka daraja.

*

Ansgar ndiye aliyekuwa na nyumba, na Meinrad alikuja kupanga chumba cha juu. Ndivyo ilivyoanza, na ndivyo mji ulivyotaka ibaki. Kwa zaidi ya miaka thelathini Meinrad alikuwa "mpangaji wa Ansgar". Duka la nyama walimwita hivyo, posta walimwita hivyo. Kitanda cha juu kilikaa kimetandikwa shuka safi ambazo hazikulaliwa na mtu, kwa ajili ya wageni wenye macho marefu. Wakubwa kule Berlin walivyochelewa kuwaruhusu kufunga ndoa, walichelewa mpaka Ansgar akawa hawezi tena kupanda ngazi za ofisi ya mji bila kupumzika katikati. Walioana hata hivyo. Karani alipiga mhuri bila kuinua uso, na wiki hiyo hiyo mwuza nyama akamwuliza Meinrad, "Mwenye nyumba wako hajambo?"

Hata paroko, mbele ya jeneza, alimtaja Meinrad kuwa "mpangaji wake mwaminifu". Mwaminifu, kama mbwa.

Kisha Chama kikamjia. Juha akifa, kinyago chake hupewa mjane akitundike ukutani. Ndiyo desturi, na Ansgar alikuwa juha tangu ujana wake. Lothar alikuja siku ya tatu baada ya mazishi, kofia mkononi, akakitungua kinyago cha Ansgar kwenye msumari wake.

"Mjane ni mwanamke, Meinrad. Usinilaumu mimi, sheria za Chama sikuziandika."

Alikuwa ameziandika yeye. Ziko na sahihi yake.

Meinrad hakusema kitu. Alikuwa na uso wa kutosema kitu. Alikuwa ameutengeneza miaka mingi, uso wa mpangaji: macho chini kidogo, midomo imefungwa, nyusi hazipandi wala hazishuki. Uso wa mtu anayepita tu. Aliuvaa asubuhi kabla ya kufungua mlango wa mbele na kuuvua jioni akishaufunga, na Ansgar alikuwa akimwambia, "Haya, sasa njoo mwenyewe." Baada ya Ansgar kufa hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo, na uso ule ukaanza kulala naye.

Ndipo akachukua gogo la ule mti mlaini mweupe wa vinyago, akasimamisha kioo cha Ansgar cha kunyolea mbele ya meza, akasema atauchonga uso wake auone.

Wa kwanza ulitabasamu. Mikono ilikuwa imezoea. Ilizungusha mashavu na kuvuta midomo juu kabla kichwa hakijaagiza. Alipomaliza alikuta amechonga Mzee Laini mwenye pua iliyopinda. Akaupasua kuni.

Wa pili ulitoka na macho ya Ansgar. Huo hakuupasua. Aliufunga kwenye taulo akauweka chini ya ngazi.

Wa tatu aliuchonga polepole mno. Akawa anakaa mbele ya kioo hadi maziwa yaungue jikoni. Alichukua patasi nyembamba akaanza kuuondoa uso wa mpangaji, kama mtu anayebandua karatasi ya ukutani: hapa nyusi zilizokaa sawa kwa woga, hapa midomo iliyobanwa. Kilichobaki chini yake kilimtisha. Alikuwa mtu mwenye hasira. Alikuwa pia mtu aliyependwa, na hilo nalo lilionekana, pembeni mwa macho, katika mikunjo ambayo haiwezi kuletwa na kitu kingine. Meinrad alikaa akiutazama, patasi mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akasema kwa sauti, chumbani peke yake, "Kumbe upo."

*

Gerlinde, dada yake Ansgar, ndiye aliyekuwa na vazi lake la ujuha. Siku Chama kilipokuja kuchukua kinyago, yeye alikuwa amekwisha kulibeba vazi la kaka yake ndani ya kapu la nguo chafu, kengele zake zote zimefungwa soksi zisilie. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuogopa. Ndani ya nyumba alimwita Meinrad "shemeji". Barabarani alimwita "Bwana Hättich", kama watu wengine wote, na hakuna kati yao aliyewahi kulizungumzia.

Alikuja na sahani ya maandazi ya msimu, akaukuta uso umepakwa rangi tayari. Sahani nusura imtoke.

"Yesu wangu! Shemeji, huyu atapumua sasa hivi."

"Bado nywele," Meinrad alisema. Alikuwa ameziacha nywele zake zikue majira yote ya baridi, kisha akazikata ili azibandike kwenye kinyago. Vinyago vya Chama hushonewa kilemba cha kitambaa kuzunguka kichwa. Cha kwake hakitakuwa na kilemba.

"Na wewe utabaki kipara ndani?"

"Nani atanitazama ndani?"

Alicheka, kisha akaacha. Akakaa kwenye kiti cha kaka yake. "Watu wanasema, shemeji. Pale kwa mwoka mikate wanasema Kaltenbach kaapa hutafika birikani na miguu yako. Kwani lazima uwanjani? Si uuvae hapa hapa, mimi nitakupiga picha, tutaiweka kwenye fremu?"

"Hapa hapa nimeishi miaka thelathini."

"Ansgar mwenyewe asingetaka."

"Ansgar mwenyewe walimtia majini, Gerlinde."

Siku hiyo wote wawili waliijua. Ilikuwa Jumatatu ya Majuha, mwaka wa theluji nyingi, wote wakiwa bado vijana. Mtu alikuwa amewaona Ansgar na Meinrad wakishikana mikono kwenye treni ya kutoka mji mkubwa. Sasa, Siku za Majuha zina sheria mbili ambazo kila mtoto wa Hinterach anazijua. Juha aliyevaa kinyago haguswi. Anaweza kumsimamisha yeyote, hata meya, akamchana mbele za watu, amwambie uchafu wake wote wa mwaka, na anayechanwa lazima acheke. Na juha aliyevaa vazi lakini akaonekana uso mtupu barabarani, huyo hutupwa birikani. Wanne walimzunguka Ansgar. Walimvua kinyago kwanza. Halafu wakapiga kelele, "Uso mtupu!" na wakamtupa kwa mujibu wa sheria, wakamzuia kutoka mpaka midomo ilipogeuka bluu. Homa ya mapafu ilimshika wiki hiyo. Aliishi, ndiyo, lakini kifua hakikurudi tena, na Meinrad anajua kikohozi kilichomwua Ansgar kilianzia wapi, waseme wasemavyo madaktari. Wale wanne walikuwa na Mzee Laini usoni, wote, mashavu meupe, wanatabasamu. Nyuso hizo zilitoka kwenye meza hii.

Gerlinde alichukua sindano, akaanza kushona kengele iliyolegea.

*

Mwezi uliofuata vitu vilianza kutokea, kila kimoja kidogo, kila kimoja cha kukanushika. Mwuza dawa aliacha kumsalimia. Asubuhi moja alikuta theluji mbele ya mlango imekanyagwa na nyayo za watu wengi zilizokuja hadi kizingitini na kurudi, na hakuna aliyebisha. Mara nyingine mchana kweupe alisikia kengele chini ya dirisha, moja tu, inatikiswa kidogo na kunyamaza. Akichungulia, njia ni tupu.

Kisha, Jumapili kabla ya msafara, akakuta kitu kimening'inia kwenye kitasa cha mlango. Kilikuwa Mzee Laini, uso umebabuliwa kwa moto. Midomo imekuwa mkaa, shavu moja limepasuka. Meinrad alikigeuza. Ndani, kidevuni, palikuwa na kipande cha flaneli ya kijani, kimeshonwa kwa mishono mikubwa ya mwanamume asiyejua kushona, kwa sababu mkanda ulikuwa ukimkwaruza Ansgar akishanyoa.

Alikwenda kituo cha polisi nacho, kimefungwa gazetini. Konstebo alikitazama, akakuna sikio.

"Siku za Majuha hizi, mzee. Watu wanataniana."

"Hiki ni kinyago cha mume wangu."

"Si mali ya Chama?" konstebo aliuliza. "Basi Chama ndicho kilete malalamiko. Kaandike kwa mkuu wa Chama."

Ndivyo walivyoupanga ulimwengu wao hawa. Ukitaka kumshitaki mwizi, unaelekezwa ofisi ya mwizi, na unaambiwa ugonge mlango kwa adabu.

Meinrad alirudi nyumbani, akakiweka kinyago kilichoungua mezani, pembeni ya uso wake. Alikaa navyo mpaka mchana ukaisha. Hakuwa jasiri. Alifikiri juu ya kukaa ndani kesho yake, na jinsi itakavyokuwa rahisi. Pazia, redio, supu. Jumanne angetoka kununua mkate, na duka zima lingejua kwamba mpangaji amerudi chumbani kwake, na angekaa humo mpaka afe. Paroko angesema tena maneno yale yale juu yake.

*

Jumatatu theluji ilianguka laini, ya maji maji, inayoganda kwenye kope. Bendi ilipiga. Majuha walitoka kanisani wawili wawili, mia na zaidi, kila mmoja na kengele zake za shaba begani na kiunoni, kila mmoja na uso ule ule mweupe, na watu waliojazana pande mbili za barabara walikuwa wakiita kwa salamu ya siku hiyo, "Narri!" na majuha wakiitika, "Narro!"

Meinrad alingoja kwenye uchochoro wa kanisa mpaka wa mwisho wapite. Alivaa vazi la Ansgar, zito, likinuka kabati. Akaufunga mkanda. Ndani ya kinyago palikuwa na giza na harufu ya mti na pumzi yake mwenyewe, na kupitia matundu mawili aliiona dunia ndogo, kama anavyoiona mtu aliye kisimani. Akaingia barabarani.

Hatua za mwanzo hakuna aliyetambua. Kisha "Narri!" ikaanza kukatika pale alipopita. Alisikia ukimya ukimfuata pembeni, kama mtu anayezima taa chumba baada ya chumba.

"Hättich huyo."

"Yule mpangaji?"

"Mbona hajavaa kinyago? Ana wazimu?"

"Mtazame anavyotazama!"

Alitembea. Kengele za Ansgar zilipiga kwenye mbavu zake. Hakuinamisha uso, na hata angetaka uso huu usingeinama. Alikuwa ameuchonga umeinuka. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie mji huu watu walikuwa wakimwona yeye, na aliona katika macho yao kwamba hawakuwa wamemjua. Mwuza nyama alivua kofia, kisha akaonekana hajui kwa nini kaivua.

Walioanza ni majuha waliokuwa mbele yake. Mmoja aligeuka, akachungulia kupitia matundu yake membamba yenye ukungu wa pumzi na theluji, akaona nywele nyeupe, kovu, mashavu yaliyoshuka. Akaona mtu na vazi, bila kinyago.

"Uso mtupu!" alipiga kelele. "Uso mtupu!"

Kelele ikapokelewa. Safu ikavunjika. Walimjia kutoka pande zote, wanatabasamu, mashavu meupe, na hakuweza kumtambua hata mmoja. Mikono ikamkamata makwapani, mingine miguuni. Alibebwa. Aliiona mbingu ya kijivu, kisha paa la ofisi ya mji, kisha mchirizi wa maji unaotoka mdomoni mwa simba wa jiwe. Mgongo wake uligonga ukingo wa birika, na baridi ya jiwe ilipita vazi, ikapita shati.

"Mwacheni! Mwacheni, jamani, ana miaka sabini!" Ilikuwa sauti ya mwanamke. "Shemeji yangu huyo! Mume wa kaka yangu! Mnanisikia? Shemeji yangu!"

Gerlinde. Uwanjani, mbele ya mji mzima. Watu waligeuka kumtazama, naye akaziba mdomo kwa mikono miwili kama aliyemwaga kitu, kisha akaishusha mikono, akarudia tena neno lile lile kwa nguvu zaidi.

Juha mwenye fimbo ya fedha alipenya katikati ya wengine. Fimbo hiyo hubebwa na mkuu wa Chama peke yake.

"Amevunja sheria," ilitoka sauti ya Lothar, nzito ndani ya tabasamu. "Mtieni."

Meinrad alitoa mkono mmoja. Akakunja vidole, akaugonga uso wake shavuni. Ko, ko, ko.

Mlio wa mti ulisikika uwanja mzima, maana bendi ilikuwa imenyamaza. Akagonga tena, kipaji cha uso. Aliyeshika mguu wa kushoto aliuachia kama chuma cha moto. Kisha wa kulia. Kisha mikono yote ikatoka, mmoja baada ya mwingine, na Meinrad akateleza chini akasimama, amelowa mgongo.

"Ni kinyago," mtu alisema katika umati, na mwingine akarudia, na neno likaenda nyuma mpaka kwenye ngazi za kanisa. Ni kinyago. Haguswi.

Juha akimchana mtu hubana sauti, huipeleka puani, nyembamba kama ya kinda, asitambulike. Meinrad hakuibana.

"Nakuchana, Lothar Kaltenbach. Mwaka wa theluji nyingi mlimvua Ansgar kinyago, ndipo mkasema ana uso mtupu. Wanne mlikuwa. Wewe ulishika kichwa. Najua kwa sababu aliniambia, na miaka yote uliyomsalimia barabarani alijua, na wewe ulijua kwamba anajua. Jana umekichoma kinyago chake ukakileta mlangoni kwangu. Hakuwa mwenye nyumba wangu. Alikuwa mume wangu. Mimi sijapanga kwa mtu. Sasa cheka, Bwana Mkuu. Sheria yako inasema ucheke."

Theluji iliendelea kuanguka. Mia moja ya Mzee Laini walisimama wakitabasamu. Nyuma ya tabasamu la mwenye fimbo kukatoka sauti, ha, ha, ha, mara tatu, kavu.

Kisha Lothar alisogea karibu, mti ukagusa mti, akasema kwa sauti ya kusikika na Meinrad peke yake:

"Umesema vizuri. Furahi leo, furahi na kesho. Jumatano ya Majivu vinyago vinarudi ukutani, babu. Kuanzia hapo utatembea na uso gani usioguswa?"

*

Jumatano ya Majivu ni siku ya ukimya Hinterach. Asubuhi paroko huwapaka majivu, mchana kila nyumba hula samaki wa chumvi na viazi, na kengele ya juha haitakiwi kulia mpaka mwaka mwingine. Atakayeitikisa hutolewa kwenye Chama. Hata Ansgar, aliyezidharau nusu ya sheria zao, hiyo aliishika.

Gerlinde alikuwa jikoni akiosha sahani. Siku hizo mbili hakuwa ameondoka. Duka moja lilikuwa limekataa kumwuzia siagi, na lingine lilimwongezea yai bila kusema neno, na yeye alizieleza habari hizo mbili kwa pumzi moja, kama vile hakujua ipi ya kulia na ipi ya kucheka. Meinrad alikuwa ameupigilia uso wake nje, juu ya mlango wa mbele, ukitazama barabara. Asubuhi walikuta umetemewa mate. Aliupangusa. Adhuhuri bibi mmoja asiyemfahamu vizuri alisimama mbele ya uso ule kwa muda, kapu mkononi, akatikisa kichwa kidogo, akaenda zake.

Taa za barabarani zilikuwa ndiyo kwanza zimewaka waliposikia.

Mwanzo ilikuwa moja, mbali, upande wa daraja. Kisha mbili. Kisha zikachanganyika, shaba juu ya shaba, hazikimbii, zinakuja kwa mwendo wa watu wanaojua waendako. Gerlinde alisimama na sahani inayochuruzika maji.

"Leo hawaruhusiwi," alisema. "Shemeji, leo si siku yake. Hawaruhusiwi."

"Naam."

"Nani atawatoa kwenye Chama?"

 Meinrad alikuwa akisikiliza. Waliotunga sheria walikuwa barabarani wakizivunja, na mtu wa kumwita hakuwepo. Konstebo angesema wanataniana. Meya angesema ana mkutano. Kengele zilipita kwa mwuza dawa, zikapita kwa mwoka mikate, na kwenye nyumba hizo mapazia yalivutwa. Alisikia pete za mapazia zikiteleza kwenye fimbo. Kengele zikafika mbele ya mlango wake zikanyamaza zote kwa pamoja.

"Usifungue," Gerlinde alinong'ona. "Zima taa. Tupande juu, kile chumba cha juu, wataona hatupo."

Kitu kilikwaruza nje, juu ya mlango. Mtu alikuwa akiutafuta msumari.

Meinrad alijishika uso. Ngozi ilikuwa ya moto, na alihisi chini ya vidole ule mwingine, wa zamani, ukianza kujipanga wenyewe: macho yakishuka, midomo ikibana. Ulikuwa umezoea kuja bila kuitwa. Alisimama kwenye korido na kuungoja uondoke, kama unavyongoja kwikwi iishe, na nje waliendelea kukwaruza. Haukuondoka wote. Uliobaki aliamua kutoka nao hivyo hivyo. Akavuta komeo, akafungua mlango mpaka mwisho.

Walikuwa saba. Mmoja alikuwa juu ya ngazi ya kupandia, nyundo ya kung'olea misumari mkononi, na aliganda hapo hapo. Wengine sita walisimama chini kwenye theluji, mashavu meupe, wanatabasamu. Taa ya korido iliwapiga usoni. Ilimpiga na yeye, kipara chake chenye nywele fupi, kovu, macho mekundu ya mzee ambaye hajalala.

"Habari za jioni," Meinrad alisema. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Mimi ni Meinrad. Nanyi ni akina nani?"

 Aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka, na aliyetazamwa alihamisha uzito wa mwili mguu mwingine, na kengele zake zikalia kidogo, kwa aibu au kwa kujiandaa, hakuweza kujua. Nyuma yake alisikia Gerlinde akija kwenye korido, viatu vyake vizito, akasimama begani kwake. Bado alikuwa ameshika sahani.

"Nimeuliza," Meinrad alisema.

Aliye kwenye ngazi alishuka kijiti kimoja. Nyundo hakuiweka chini. Baridi ilikuwa ikiingia ndani ya nyumba, na joto la jiko lilikuwa likitoka lote barabarani, na Meinrad aliendelea kuushika mlango wazi.